Ndege Akipita, Ndege Ikipita

Jumatatu, 5 Mei

Makuti tangu asubuhi. Mvua imeingia na kila mtu amekumbuka kwamba paa lake linavuja. Vidole vinaniuma. Mavyaa, mamake mume wangu, anashona upande wake wa baraza, mimi upande wangu, mwanangu Saumu yuko katikati na vifuu vyake vya kupikia mchanga.

Saumu amesimama tena. Naandika amesimama kwa kuwa sijui niseme vipi. Alikuwa anatia mchanga kwenye kifuu, mkono ukabakia juu. Macho wazi, lakini ndani hamna mtu. Nikamwita. Nikamwita tena. Kisha akapepesa, mchanga ukamwagika, akaendelea na mapishi yake kama mtu aliyekatizwa neno.

Mavyaa aliona. Najua aliona kwa sababu aliacha kushona. Alitazama juu ya paa, akatema mate pembeni, akavuta kuti jingine.

Hapa kwa mume wangu kitu hicho hakitajwi. Ni ndege. Si kunguru wala si kipanga. Ni ndege asiyeonekana, hupita juu ya nyumba jua likisimama au magharibi ikikaribia, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto hukaza macho, hutetemeka, hupinda. Ana jina, na kila mtu huku Pwani analijua. Lakini ukilitaja mbele ya mtoto, umemwita. Kwa hiyo wao husema "ndege" tu, tena kwa sauti ya chini. Au husema "amepitiwa".

Hata hapa sitaliandika. Saumu amelala ubavuni mwangu.

Naogopa.

Jumatano, 7 Mei

Amepitiwa wakati wa uji. Kijiko mkononi. Uji ukamchuruzika kidevuni na hakujipangusa.

Mavyaa amemfunga hirizi mkononi. Amemwagiza mtu wa Shimba Hills mavi makavu ya ndovu. Moshi wake ukifukizwa, ndege anajua kuwa hapa pana mkubwa kuliko yeye, anageuza njia. Nilitaka kucheka. Kisha sikuona la kuchekesha.

Nikasema twende zahanati. Nilidhani atakataa. Akakubali, ila kwa masharti yake. Jina lisitajwe mbele ya mtoto. Na sindano hapana. Mtoto wa ndege hapigwi sindano, sindano na ndege havikai mwili mmoja.

"Kwenu nyika mna mazimwi ya kula ng'ombe," aliniambia. "Huyu wetu hali ng'ombe. Kwa hiyo nisikilize mimi."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo anavyosema mambo yote. Hata akikusifu wali, unatafuta ulipoungua.

Alhamisi, 8 Mei

Zahanati. Foleni mpaka nje. Waliokuja na kikohozi, waliokuja na kidonda, na mimi niliyekuja na kitu kisichosemwa.

Aliyetuona ni kijana wa bara, mpole, ana sauti ndogo. Akasema, "Habari zenu, mama." Mavyaa akamjibu, "Marahaba." Hakuamkiwa, lakini yeye shikamoo yake huichukua hata isipotolewa. Kijana akatabasamu, akaomba radhi, akaamkia vizuri.

Akauliza mtoto ana nini. Mavyaa akanigusa goti chini ya leso. Nikasema:

"Ndege akipita, mtoto hushtuka. Anakaza macho, haitiki."

"Ndege ikipita?"

"Ndiyo. Akipita juu ya nyumba."

"Mnakaa wapi?"

Nikamwambia, nyuma ya kiwanja cha ndege. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Akasema hizo ndege za watalii hupita chini mno, hata yeye alipohamia Ukunda alikuwa akiinama. Akampima Saumu joto, akamwangalia masikio, akampigia makofi nyuma ya kichwa kuona kama anageuka. Aligeuka. Tukapewa pamba ya masikioni. Akasema atazoea, watoto huzoea.

Mavyaa alirudi amefurahi. Sindano hakuna, jina halikutajwa, na kijana ana adabu. Njiani alimnunulia Saumu andazi.

Mimi nina jambo linanikwaruza na silijui.

Ijumaa, 9 Mei

Wifi yangu Mejumaa alipita baada ya kuuza viazi vyake, akamkuta Saumu na pamba masikioni. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Umempeleka mtoto akatibiwe eropleni!"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Shule niliiachia darasa la nane, lakini ngeli nilizipenda. Mwalimu wetu kule Samburu, ile ya nyika ya Pwani, alikuwa akituimbisha. Ndege mwenye roho: ndege amepita. Ndege isiyo na roho: ndege imepita. Mimi nilisema akipita. Kijana wa watu akasikia ikipita. Tena alinirudia kwa sauti, ikipita, nami nikamwitikia ndiyo. Herufi moja tu. Hakuna aliyedanganya pale ndani. Mimi nilisema nilivyoruhusiwa, naye akatibu alichosikia.

Nilicheka na wifi. Kisha nikaingia jikoni nikalia, nikasingizia kuni mbichi.

Jumapili, 11 Mei

Mume wangu Hamisi yuko nyumbani leo. Hufua mashuka kwenye hoteli moja Diani, siku za kazi hulala huko huko. Alinikuta nje, akambeba Saumu kabla ya kuvua viatu. Nilimweleza yote. Nilitaka aseme, kesho twende hospitali kubwa. Akasema, "Mama amelea watoto wengi. Msikilize mama."

Ni mume mwema. Lakini leo nimemchukia kidogo. Naandika lilivyo.

Nimeshinda nikiwaza majitu. Kwetu Samburu nyanya yangu mzaa mama alikuwa nayo mengi, na kila moja lina sheria yake. Zimu lina mdomo wa pili kisogoni, kwa hiyo hulipiti nyuma. Lakini tuliyemwogopa zaidi ni Katsumbakazi. Huyo ni mfupi, kimo cha mtoto, hutembea porini mchana mweupe, na ufupi wake ndio donda lake. Akikutana nawe huuliza swali moja tu. "Umeniona wapi?" Ukisema, nimekuona hapa hapa sasa hivi, umemwambia kuwa ni mfupi, haonekani mpaka umkanyage. Hutoki. Ukisema, nimekuona kutoka kule mbali, anafurahi, anakuachia njia.

Tulipokuwa tukienda kuchota maji tulikuwa tunafanya mazoezi. Kutoka mbali. Kutoka mbali kabisa. Tunasema huku tunakimbia.

Sasa angalia. Jitu la kwetu linataka kuambiwa kuwa limeonekana. La kwa mume wangu linataka lisitajwe hata jina. Na mwanangu ana damu ya huku na ya kule. Sijui anafuata sheria ya nani.

Jumanne, 13 Mei

Mwandiko mbaya leo.

Asubuhi, jikoni. Nilikuwa nakuna nazi. Saumu alichuchumaa karibu na mafiga, anapenda kutazama moto. Nikasikia kitu kimeanguka. Kumbe ni yeye. Hakusimama kama zile siku nyingine. Safari hii alianguka, akakakamaa, miguu ikapiga chini, meno yameumana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye jivu la moto na hakuuondoa. Hakulia. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Mkono unaungua na mtoto halii.

Nikamvuta. Nikapiga kelele. Mavyaa akaja na kaniki nyeusi, akamfunika mwili mzima ili ndege asimwone, akamwaga mavi ya ndovu juu ya makaa. Moshi ukajaa. Akawa anamwambia ndege maneno ya Kidigo, kwa upole, kama anayebembeleza mgeni mkorofi aondoke. Nenda baba, nenda, hapa hapana chako.

Ikapita. Saumu alilegea, akalala.

Mavyaa aliniambia, "Umeona?"

Niliona. Lakini niliona pia kuwa ilikwisha yenyewe, na moshi ulikuwa haujafika hata dirishani.

Vidole viwili vina malengelenge. Nimempaka asali. Alipoamka aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, kisha ndipo akalia.

Jumatano, 14 Mei

Mejumaa amekuja kuuona mkono. Hakutania leo. Tulikaa nyuma ya choo, mahali pekee ambapo mama yake hasikii.

Kumbe Hamisi si kifungua mimba. Alikuwepo mwingine mbele yake. Mvulana, aliitwa Juma. Alipitiwa akiwa hajaacha ziwa. Wakamfukiza, wakamfunika, jua likazunguka lote bado anapinda, mwishowe babake akambeba kwa baiskeli kumpeleka kwa daktari. Akapigwa sindano. Akafa palepale, mavyaa hajamfuta hata damu pale palipochomwa.

"Tangu siku hiyo," Mejumaa akasema, "mama akiona sindano hata ya kushonea, huigeuza ncha ukutani."

Nimekuwa nikimdhani mkaidi. Nimemwonea.

Lakini nawaza pia, jua lilizunguka lote. Yule mtoto alifika kwa daktari akiwa amekwisha. Sindano ilimkuta njiani tu. Nani atamwambia mavyaa hayo? Ukimwambia si sindano, umemwambia ni yeye.

Ijumaa, 16 Mei

Silali vizuri. Saumu akigeuka, nakaa. Akinyamaza akicheza, namwita. Amechoka kuitwa. Leo aliniambia, "Nipo, mama." Hata hajui kwa nini namwita.

Mavyaa ameingiwa na woga na anauficha kwa kufagia. Amefagia ua mpaka tumefikia udongo mwekundu.

Jumatatu, 19 Mei

Naandikia wodini. Hospitali kubwa, Msambweni. Saumu amelala, anapumua. Nitaandika ya Jumamosi, ili yasinikae kifuani.

Ilikuwa mchana, tumekwisha kula. Mwili wake ulikuwa na joto tangu alfajiri, nilikuwa namkanda kwa maji. Ikamshika juu ya mkeka. Mavyaa akaja na kaniki. Moshi. Maneno yake ya Kidigo. Mimi nimepiga magoti, nangoja ilegee kama ile ya Jumanne.

Haikulegea.

Moshi ukajaa, ukapungua, akaongeza makaa. Chini ya kaniki miguu ilikuwa bado inapiga. Nikafunua usoni. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Mavyaa akafunika. Nikafunua. Akafunika tena, akashika pindo kwa mikono yote miwili. Nami nikashika pindo la upande wangu. Tukavutana, mimi na mamake mume wangu, juu ya mtoto. Sijawahi hata kumpita mbele bila kusema samahani.

Nikasema, "Mama, niachie."

Alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akaachia.

Mejumaa alikuwa amekwisha kumpigia simu jirani mwenye tuk-tuk. Nikapanda na mtoto. Kabla haijaondoka, mavyaa akaingia upande wa pili, hana viatu, kaniki bado iko mkononi. Tukaondoka hivyo mpaka Msambweni. Alikuwa ameushika mguu wa Saumu, ule mguu unaopiga, ameushika tu.

Pale mapokezi hawakuuliza mengi. Walimchukua kwa mbio. Nesi mmoja mtu mzima akaja na sindano. Mavyaa akasimama katikati, mikono imetanuka kama anayezuia kuku.

"Huyu hapigwi sindano. Nichome mimi."

Nesi hakumgombeza. Alinigeukia. "Wewe ndiye uliyemzaa?"

"Ndimi."

"Basi sema wewe, haraka."

Naandika hapa kuwa sikuwa na hakika. Wasidhani watu kuwa nilikuwa na hakika. Nilimwona Juma, mtoto nisiyemjua, na tone lake la damu. Nilijua nikisema ndiyo, na Saumu akafa, mimi ndiye nitakuwa nimemuua, katika nyumba ile, maisha yangu yote.

Nikasema, "Mchome."

Mavyaa akaketi sakafuni. Akajifunika leso gubigubi. Nikamsikia anaanza, inna lillahi. Alikuwa ameanza kumsalia mjukuu wake.

Sindano ikaingia. Saumu akapiga mguu, akapiga tena, kisha akalegea mwili wote kwa mara moja, mkono ukaanguka kando ya kitanda. Nikasema moyoni, basi. Ndiyo basi.

Nesi akasema, "Amelala. Sogeeni mumsikie."

Alikuwa anakoroma. Mwanangu alikuwa anakoroma kama mzee aliyeshiba.

Mavyaa hakuamini. Aliinuka, akaweka shavu lake karibu kabisa na mdomo wa mtoto, akakaa hivyo, ameinama, kwa muda ambao mgongo wake hauwezi. Watu wakapita na machela, wakamzunguka. Hakuna aliyemwambia sogea.

Jumatatu, jioni

Naendelea, maana hayakwisha.

Baadaye alikuja daktari. Mwanamume wa makamo, mtu wa Pwani kwa maneno yake. Alituamkia, akavuta kiti. Akauliza, "Hii imeanza lini?"

Mavyaa akajibu upesi, "Leo, mwanangu. Leo tu, hapa hapa."

Najua kwa nini alisema hivyo. Ukisema ilianza zamani, umekiri kuwa ndege ana makao kwenu. Nyumba inatiwa alama. Mtoto wa kike akikua, nani atamwoa? Alikuwa anamkinga Saumu na aibu ya miaka ijayo, na sindano bado ina maji maji mezani.

Lakini mimi nilisikia swali lile kwa sikio jingine. Umeniona wapi? Na mtu mzima wangu amejibu, hapa hapa sasa hivi. Lile jibu ambalo sisi watoto wa Samburu tulijua kuwa mwenye kulitoa hafiki nyumbani.

Nikasema, "Si leo. Nimemwona kutoka mbali."

Daktari akaacha kuandika. Nikamwambia yote. Tangu msimu wa maembe, anasimama na embe mdomoni. Mchanga. Uji. Moto na mkono. Nilimwambia hata nyakati, na rangi ya midomo, na macho yanavyoelekea upande wa kulia kila mara. Sikujua kama nimeyaweka yote hayo kichwani. Akauliza, nyumbani mnaiitaje hii?

Nikatazama chini. Nikasema.

Degedege.

Sasa nimeliandika pia. Mtoto amelala hapa karibu.

Mavyaa aliziba masikio yake, si ya Saumu. Hakuna kilichotokea. Mlango ulifunguliwa, mtu akaleta chai.

Daktari hakucheka. Alisema hata nyanya yake yeye aliliogopa jina hilo. Akaeleza taratibu. Kutetemeka kwa ajili ya homa ni jambo moja. Lakini kule kusimama na mkono juu, bila homa, na kule kuanguka jikoni, hayo ni kifafa, na kifafa kina dawa. Vidonge kila siku, pasipo kukosa, huenda kwa miaka. Watoto wengi huacha kuanguka. Akasema kama ningesema leo tu, angetutibu homa, tungerudi nyumbani, basi.

Aliuliza kama tuliwahi kwenda mahali kabla. Nikasema tulikwenda, lakini hatukusema sawasawa. Yule kijana wa zahanati hana kosa.

Alhamisi, 22 Mei

Bado wodini. Saumu amekula ndizi, amekataa uji wa hospitali, ameniuliza vifuu vyake viko wapi. Alhamdulillahi. Mdomo wake umepona rangi.

Hamisi alikuja na sare ya kazini, hakupata nafasi ya kubadilisha. Alikaa kitandani, akashika vile vidole vilivyoungua, akasema, "Ningekusikiliza Jumapili ile." Nikamwambia ale chapati yake. Sina nafasi ya kukasirika sasa.

Mavyaa huja kila asubuhi na chupa ya chai. Humlisha Saumu, humchana nywele, humwimbia. Mimi hanisemeshi. Akitaka kuniambia kitu humwambia Saumu. "Mwambie mamako chai ina tangawizi."

Inaniuma kuliko nilivyodhani. Nilimtaja asiyetajwa, nikamtoa uongo mbele ya daktari, nikamnyang'anya kaniki. Hata mimi ningekuwa mavyaa, nisingenisemesha.

Lakini ningefanya tena.

Jumatatu, 26 Mei

Tumerudi nyumbani jana. Majirani wamekuja kutupa pole. Mmoja akauliza, mtoto alikuwa na nini? Mavyaa akajibu kabla yangu, homa. Nikamwachia. Si kila mtu anayeuliza ni daktari.

Vidonge vinapondwa, vinachanganywa na ndizi. Leo asubuhi nilikuwa naponda, mavyaa akaja akasimama juu yangu. Akachovya kidole kwenye unga ule, akaulamba. Uso wake wote ukakunjika.

"Chungu kama shubiri," alisema. Aliniambia mimi, si Saumu.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akafikiri. Akasema basi sasa ameelewa. Dawa hii inamfanya mtoto awe mchungu. Ndege akishuka, akionja, atatema. Ndiyo maana ni kila siku, uchungu usije ukaisha mwilini. Akanipokonya kijiko. Akasema mimi naponda ovyo, vipande vinabaki, mtoto atapata utamu upande mmoja.

Nikamsogezea kibakuli. Daktari ana maelezo yake, mavyaa ana yake, na kidonge kinaingia tumboni kwa wakati wake. Mimi nachukua yote mawili.

Nilipokuwa naosha kibakuli akasema, huku ananipa mgongo, "Yule wangu wa kwanza pia alikuwa akisimama. Na tonge mkononi. Nami niliona."

Nikamwambia, "Pole, mama."

Akasema, "Nimeshapoa." Hakuwa amepoa.

Jumatano, 28 Mei

Mvua kutwa. Mejumaa amekuja, ameloa, akamwuliza Saumu, "Hujambo, rubani?" Mavyaa alicheka akaficha meno kwa leso. Sikujua kuwa anaujua ule mkasa wa pamba.

Jumatatu, 2 Juni

Kidonge cha jana mavyaa alimpa Saumu kabla sijaamka. Nilishtuka, nikadhani tumekosa. Akaniambia nilale, bado mapema. Hajawahi kuniambia nilale.

Jumanne, 17 Juni

Mvua imepungua. Makuti bado yanatakiwa, lakini si kwa haraka ile.

Saumu amesimama mara moja tangu turudi, Ijumaa iliyopita. Kidogo tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Tulirudi kwa daktari, akasema si vibaya, akaongeza dawa kidogo. Kuanguka, bado hakujatokea. Siandiki kuwa imekwisha. Naandika bado.

Vidole vimepona. Viwili vina ngozi ya waridi, yeye huwaonyesha watu kama pete. Mwakani chekechea, tukijaaliwa. Hamisi ameahidi viatu.

Mchana huu alilala barazani, mavyaa alikuwa kwa Mejumaa, mimi peke yangu na kazi. Mwanga ulikuwa mbaya upande ule, uzi siuoni. Nikageuka kuelekea uani. Nikashona kuti zima, nikaanza la pili, nikawa nalifikia katikati, ndipo nikatambua kuwa nimempa mgongo mwanangu muda wote huo.

Nikatega sikio. Nyuma yangu alikuwa anapumua.

Sikugeuka. Nikamaliza kuti.